Kambi ya Zimamoto Haijengi Goti

Barua ya wazi kwa Washauri wa Wanafunzi, walimu wa michezo na mawaziri wa michezo wa serikali za wanafunzi, vyuo vya katikati ya jiji la Dar es Salaam

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi kwa sababu kalamu iko mikononi mwenu. Ninyi ndio mnaopitisha ombi la uwanja, mnaoidhinisha fedha za kambi na kuamua timu ianze mazoezi lini. Makocha wa mpira wa wavu sina ugomvi nao. Wengi wanaujua mchezo, na wapo wanaofundisha kwa nauli ya mfukoni mwao. Ninachokuja kudai kwenu ni kalenda.

Eneo lenyewe mnalifahamu. Kutoka DIT, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Bibi Titi Mohamed, hadi CBE, kisha IFM mtaa wa Shaaban Robert, halafu Upanga mpaka Muhimbili, mtu anazunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Ng'ambo ya Mnazi Mmoja ndiyo Kariakoo. Ndani ya mduara huo wanasoma maelfu ya mabinti, na kila chuo kina kundi lake la wanaocheza wavu. Wapo waliopitia UMISSETA na wanajua kupokea mpira, na wapo warefu waliookotwa kwenye foleni ya usajili wakaambiwa, "Wewe, jioni njoo uwanjani."

Mwaka wao wa michezo huwa hivi. Chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba. Mabinti wanarudi kutoka likizo ndefu, wengi hawajagusa mpira tangu mitihani ya Julai. Tangazo linabandikwa: timu kambini. Alfajiri ni mbio za kuzunguka uwanja, kisha kuruka kichura kwenye sakafu ya saruji mpaka mapaja yatetemeke. Jioni ni mechi, seti baada ya seti. Wiki mbili, zikizidi sana tatu. Halafu wanapanda basi, kwa maana michezo ya TUSA mara nyingi huangukia Desemba, na wale wa SHIMIVUTA nao wana ratiba yao. Timu inarudi na wachezaji wawili watatu wanaochechemea, na watu wazima tunatikisa vichwa na kusema ni bahati mbaya.

Hapana. Kwa sehemu kubwa tunajua kinachochana goti la binti, na tumejua kwa miaka mingi.

Wachezaji wa kike katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla huchanika ile kano ya katikati ya goti, ACL, mara 2 na zaidi wakilinganishwa na wanaume wa mchezo uleule. Sababu ni nyingi, na wataalamu bado wanabishana juu ya baadhi yake, lakini moja inaonekana kwa macho hata ukiwa umekaa jukwaani. Binti aliyechoka, ambaye hakuandaliwa, anatua kwa mguu mmoja, goti likiwa limenyooka au likiingia ndani kuelekea goti jingine. Misuli ya mbele ya paja inavuta kwa nguvu. Ya nyuma ya paja na ya makalio, ambayo ingelishika goti lisitoke mahali pake, imelala. Kano inabaki peke yake kubeba kazi hiyo.

Mwaka 1996 mtafiti Timothy Hewett na wenzake kule Cincinnati, Marekani, waliwachukua wasichana wa sekondari wanaocheza mpira wa wavu wakawafundisha kuruka na kutua kwa wiki 6. Nguvu ya mshindo wa kutua baada ya kuzuia kwenye wavu ilipungua kwa takriban asilimia 22. Tangu hapo programu za namna hiyo zimejaribiwa katika michezo mingi. Zinachukua dakika 15 hadi 20, mara 2 au 3 kwa wiki, na hazihitaji mashine yoyote. Mchezaji anafundishwa kutua kwa miguu miwili, makalio yakirudi nyuma, magoti yakielekea kwenye vidole vya miguu. Mimi huwaambia mabinti wangu kitu kimoja tu: tua nisikusikie. Anayetua kwa kishindo anarudia.

Sasa angalieni hizo wiki 6, kisha angalieni kambi yenu ya wiki 2. Na wiki 6 ni za kutua tu. Nguvu yenyewe huanza kuonekana baada ya mwezi mmoja au miwili ya kubeba uzito unaopanda kidogo kidogo. Kano zina mwendo wa kinyonga kuliko misuli. Zinataka kama miezi 3 ndipo zikomae kwa kazi mpya. Ndiyo maana binti aliyepumzika Agosti na Septemba yote, kisha akarushwa kichura mara mia Novemba, anaanza kulalamika maumivu chini ya kifuniko cha goti wiki ya pili. Moyo wake umewahi kuzoea, misuli imeanza kuzoea, kano haijapata hata taarifa.

Mfanyabiashara wa mtaa wa Kongo hangojei wiki ya Idd ndipo aagize nguo za watoto. Mzigo wa Idd anaufikiria miezi kabla, meli ikiwa haijaondoka bandarini huko unakotoka. Sisi tunaoishi jirani naye tunaandaa miili ya wanafunzi kwa haraka ambayo yeye asingeikubali kwa gauni la mtoto.

Mtaniambia hayo ni mambo ya nchi tajiri. Basi tuanze huko, tuyamalize. Mpira wa wavu wa wanawake vyuoni Marekani una msimu unaojulikana: unaanza mwishoni mwa Agosti na unaishia Desemba, kila mwaka. Tarehe 30 Agosti 2023 watu 92,003 waliingia uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani wa Nebraska kutazama mechi ya mabinti wa chuo. Watu hao, na fedha zinazokuja nao, hatuna. Lakini kuna kitu walicho nacho ambacho hakinunuliwi: kocha wa viungo wa chuo anajua leo mechi ya kwanza ya mwaka ujao itachezwa lini. Akishajua hilo anahesabu kurudi nyuma. Mwezi huu chuma kizito, mwezi ule kuruka, wiki ile kupunguza ili miguu iwe myepesi. Tarehe ni karatasi na gundi. Hata chuo chenye jengo moja kinaweza kuwa nayo.

Na jirani zetu wana funzo lao. Malkia Strikers, timu ya wavu ya wanawake ya Kenya, wamekuwa mabingwa wa Afrika mara nyingi. Kabla ya Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, shirikisho la dunia liliwapa benchi la Wabrazili likiongozwa na Luizomar de Moura. Kenya ilifungwa mechi zote 5, bila kupata hata seti moja. Wapo waliocheka. Mimi niliona jambo jingine: wataalamu wazuri kiasi hicho, wakipewa miezi michache, hawawezi kufidia miaka ambayo wapinzani walikuwa wakijengwa tangu vyuoni na kwenye klabu. Ikiwa miezi haikutosha kwa Malkia Strikers, wiki 2 zinatutosha vipi sisi? Kenya hiyohiyo inatuonyesha pia njia ya kupata watu wa kazi hii. Marehemu Janet Wanja alikuwa seta wa timu iliyocheza Athens 2004, kisha akarudi timu ya taifa kama kocha wa viungo. Alifariki Desemba 2024. Mchezaji aliyewahi kuumia na kupona anaijua kazi ya viungo kwa namna ambayo kitabu hakiifundishi, na miongoni mwa wahitimu wenu wa kike wapo wengi wa aina hiyo, hawajaulizwa tu.

Kalenda ninayoipendekeza inafuata vitu viwili ambavyo hamuwezi kuvibadilisha: ratiba ya masomo na hali ya hewa ya Dar es Salaam. Vinaoana vizuri kuliko tunavyodhani.

Desemba ni kilele, na ni kaskazi: joto na mvuke. Januari mwili upumzike wiki 2 kamili, kisha mitihani ya muhula wa kwanza ipite bila mtu kumwita mchezaji uwanjani. Kutembea, kuogelea kwa anayeweza, kunyoosha viungo. Hapo sina la zaidi.

Machi hadi Mei ni masika. Viwanja vya nje vimejaa maji, na timu nyingi huona huo ndio wakati wa kulala. Mimi naona ndiyo zawadi ya mwaka. Mvua haizuii chuma. Veranda ndefu, ukumbi usio na shughuli saa 10 jioni, hata korido ya ghorofa ya chini inatosha kwa mabinti 12 kujenga nguvu mara 3 kwa wiki: kuchuchumaa na mzigo, kuinua mzigo kutoka sakafuni, kupanda kwenye benchi kwa mguu mmoja, kuvuta, kusukuma, na kazi ya tumbo na mgongo. Seti 3 au 4, marudio 6 hadi 8, uzito ukiongezwa pale tu mkao unapokuwa sahihi. Bega nalo lipate haki yake. Mpiga smashi anazungusha mkono ule ule maelfu ya mara kwa mwaka, na misuli midogo ya nyuma ya bega ndiyo breki ya mkono huo. Mpira wa kuvuta uliofungwa kwenye nguzo unaifanya kazi hiyo.

Juni ni kipupwe, viwanja vimekauka, hewa imepoa. Mechi za kirafiki kati ya vyuo hivi vya jirani zichezwe hapo, chuma kipungue kiwe mara 2 kwa wiki. Julai mitihani.

Tunafika kwenye shimo lenyewe: likizo ndefu. Mabinti wanatawanyika, mmoja Kigoma, mmoja Tanga, mmoja Mbagala lakini anamsaidia mama yake dukani mpaka usiku. Hakuna anayewataka wabaki chuoni. Kinachotakiwa ni karatasi moja yenye mazoezi ya wiki 8, aliyoelekezwa kwa vitendo kabla hajafungasha, na kundi la WhatsApp la kuulizana. Uzito upo kila nyumba. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20, na wengi wa mabinti hawa wamelibeba tangu wakiwa darasa la tano bila mtu kuliita zoezi. Kiroba cha mchanga kinakaa mabegani vizuri zaidi ya vyuma vingi vya jimu. Mara 3 kwa wiki, dakika 40, na akirudi Oktoba anarudi na msingi.

Oktoba na Novemba sasa zinabaki kwa kile kinachostahili kufanywa karibu na mashindano: kuruka kwa nguvu na kwa idadi ndogo, kasi ya hatua fupi, mazoezi ya pamoja ya uwanjani. Kuruka kichura mara mia kuondolewe kabisa. Kwa wengi wetu kichura kilikuwa adhabu shuleni, na kama adhabu kinafaa kibaki huko huko. Miruko 60 hadi 80 iliyo safi, kwenye nyasi au mchanga, na mapumziko ya kutosha kati ya seti, inamfanya binti aruke juu zaidi. Wiki ya mwisho punguzeni kazi. Najua ni vigumu kwa kiongozi kuona timu imepumzika siku chache kabla ya safari. Inaonekana kama uzembe.

Kisha kuna Ramadhani, ambayo kwa vyuo vya mji huu haiwezi kuwa tanbihi. Wachezaji wengi wanafunga, na kalenda inayowasahau ni kalenda ya nusu timu. Mwaka 2026 mfungo ulianza Februari, na kila mwaka unarudi nyuma kwa siku 10 au 11. Mwaka 2030 utaingia mara mbili, Januari na mwisho wa Desemba; 2031 utakuwa katikati ya Desemba, juu ya msimu wa mashindano kabisa. Wapangaji wa ratiba wana muda wa kutosha kulitazama hilo. Kwa sasa, mazoezi ya nguvu ya mfungo yawe mafupi, ama saa moja kabla ya futari ili mtu ale mara tu anapomaliza, ama baada ya kufuturu, na asilazimishwe mtu kukimbia saa 9 mchana juani.

Chakula. Mkopo wa HESLB unampa mwanafunzi shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi, na bumu likichelewa kinachokatwa kwanza ni sahani. Mchezaji anakuja mazoezini na chai na maandazi mawili tangu asubuhi. Binti anayefanya mazoezi makali bila kula vya kutosha hupungukiwa damu, hedhi yake huvurugika au hukoma, na mifupa yake hudhoofika. Kocha mwanaume hataambiwa, na ataona tu kwamba mchezaji "ameshuka kiwango". Hatuhitaji vyakula vya makopo. Maharage, dagaa, mayai, karanga, mchicha, ndizi: vyote viko Kariakoo kwa bei ya jumla. Timu ikichangiwa mayai na karanga kwa miezi ya chuma, gharama yake ni ndogo kuliko jezi mpya ambazo hununuliwa kila mwaka ili picha zitoke vizuri.

Lipo pia lile neno linalosemwa mabwenini, kwamba chuma kitamfanya binti awe na mabega ya baunsa na akose mchumba. Limewatoa mazoezini mabinti wazuri wengi kuliko majeraha yalivyowatoa. Mwili wa mwanamke hauna homoni za kujaza misuli kwa namna hiyo kwa vikao vitatu vya wiki. Mireya Luis wa Cuba alikuwa na urefu wa mita 1.75 tu, si mrefu kwa mpiga smashi wa kimataifa, lakini aliruka hadi akawatazama wazuiaji kutoka juu, na timu yake ikatwaa dhahabu ya Olimpiki 1992, 1996 na 2000. Wavu wa wanawake uko mita 2.24. Kwa binti wetu wa mita 1.65, nguvu za miguu ndizo ngazi pekee ya kufika juu yake, na uzuri wake hautaguswa.

Sehemu ya mazoezi ndiyo hoja mnayonijibu mara zote, kwamba katikati ya jiji hakuna nafasi. Nafasi ni finyu, nakubali. Lakini viwanja vya Mnazi Mmoja vipo, na kituo cha vijana cha Jakaya Kikwete kiko pale Kidongo Chekundu tangu 2015, dakika chache kwa miguu kutoka vyuo kadhaa. Barua yenye mhuri wenu ina uzito ambao ombi la binti mmoja halina. Tatizo kubwa zaidi ni saa. Jua la Dar es Salaam linatua saa 12 na robo mwezi Juni, na karibu saa 12 na dakika 45 Februari. Vipindi vinaisha saa 10. Muda unaofaa ni chini ya saa tatu, na timu za mpira wa miguu za wanaume huuchukua wote kwa mazoea. Wanawake wakipewa giza, wanapewa pia kituo cha mwendokasi cha usiku na vichochoro vya kurudi hosteli. Gaweni siku. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 10 na nusu hadi saa 12, uwanja wa wanawake. Na kama chuo kina jimu, iwe na saa zake za wanawake, mlango ukiwa na mtu anayezisimamia.

Vifaa havitaki zabuni ya kimataifa. Mafundi wa kuchomelea Gerezani watawatengenezea nondo, stendi na vyuma vya zege kwa mchoro wa mkono. Tyubu za baiskeli zilizochakaa ni mipira ya kuvuta isiyokatika. Kamba za kuruka zinauzwa kwa dazeni. Mtu wa kusimamia pia anapatikana: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na chuo cha michezo cha Malya kule Kwimba kinatoa makocha, na wanafunzi wao wanatafuta mahali pa mazoezi ya vitendo. Waiteni. Na kabla ya chuma chochote, Machi, kila mchezaji apimwe na mtaalamu wa viungo: magoti, vifundo vya miguu, mabega, damu. Taasisi ya Mifupa ya MOI iko hapo hapo Muhimbili. Ni afadhali tuijue kwa upimaji kuliko kwa upasuaji, kwa sababu goti lililoshonwa hudai miezi 9 na zaidi kabla ya kurudi uwanjani, na kwa kozi ya miaka 3 hiyo ni sehemu kubwa ya maisha ya mchezaji chuoni.

Ndugu zangu mawaziri wa michezo, ninyi mnachaguliwa kila mwaka, na najua kila mmoja angependa kombe lije katika kipindi chake. Kazi ninayoiomba itamnufaisha atakayewafuata. Ifanyeni hivyohivyo.

Waheshimiwa Washauri wa Wanafunzi, kabla ya mitihani ya Julai kuanza, bandikeni mambo matatu kwenye ubao wa matangazo: tarehe ya kuanza mazoezi ya wanawake ya mwaka ujao wa masomo, siku zao 3 za uwanja, na jina la mtu atakayesimamia nguvu zao. Kisha wapeni karatasi ya likizo mkononi kabla hawajapanda mabasi.

Wenu katika michezo,

Kocha wa viungo wa kujitolea,
Gerezani, Dar es Salaam